Saini ya Kiluwiluwi

Naapa, tena naapa nikiwa na akili zangu timamu na miwani yangu usoni, kwamba haya yote ni kweli tupu. Hakuna chuku, hakuna chumvi, hakuna hata neno moja nililoliokota njiani. Nayaandika badala ya kuyasimulia kwa sababu leo mdomo wangu umefungwa, tangu asubuhi mpaka jua litakapozama. Aliyeufunga ni binti yangu wa kumzaa mwenyewe, na sasa hivi yuko jikoni anaosha vikombe. Kosa langu utalijua. Siku bado ndefu.

Kwanza unijue. Mimi ni mstaafu. Kazini waliniita Chekeche, kwa kuwa miaka kumi na minne kazi yangu ilikuwa kuchekecha unga. Usikimbilie kutafuta sufuria. Unga wenyewe ni wa chuma, laini kuliko poda ya mtoto na mzito kama dhambi. Mkebe mdogo tu unaweza kukutoa jasho.

Karakana yetu ilikuwa inachapa vitu vya chuma kwa leza. Mashine inatandaza unga, tabaka jembamba kama unywele. Leza inashuka, inayeyusha pale tu ilipoambiwa. Linatandazwa tabaka lingine juu yake, leza tena, hivyo hivyo maelfu ya mara. Mwishoni unafungua sanduku na huoni kitu, ni unga mtupu. Unaufagia kwa brashi polepole, na chini yake kinatokeza kiungo cha nyonga, au pangaboi la pampu, au kiunzi cha meno ya bandia. Hapo watu wote wanakikimbilia hicho kitu. Wanakipiga picha, wanakigeuzageuza. Hakuna anayeutazama unga uliobaki, na uliobaki ndio mwingi! Katika ndoo kumi, labda moja ndiyo imekuwa kitu. Tisa zilikaa pembeni tu, zikaona mwanga, zikasikia joto, hazikuguswa.

Hizo tisa ndizo zilizokuwa zangu.

Nilizikusanya kwa mashine ya kunyonya, nikazipitisha kwenye chekeche inayotetemeka. Vibonge na matone yaliyorushwa na leza yanabaki juu ya wavu, unga safi unashuka. Unauchanganya na mpya kidogo, unarudi mashineni kungoja zamu yake tena. Kila unga una namba yake, na kila namba ina karatasi yake ya safari: ulianza lini, umechekechwa mara ngapi, na kila mara ni nani aliyeuchekecha. Nakala ya karatasi hiyo inafuatana na bidhaa mpaka kwa mteja, ili kesho jino likivunjika mdomoni mwa mtu ijulikane unga ulipita mikononi mwa nani. Bila saini ya mchekechaji hakuna kinachotoka getini. Likumbuke hilo. Mimi nililisahau, ndiyo maana leo ni bubu.

Shule sikuiona sana. Pale niliingia kama mfagizi, nikajifunza kwa kusoma vibandiko vya mikebe na kuchungulia daftari la fundi wa leza kila alipotoka kwenda kula. Waliponipa chumba cha unga na kuniambia nitie saini, sikuwa nayo. Nikachora duara lenye mkia unaopinda. Binti yangu alikuwa bado msichana wa shule. Siku nilipomwonyesha alianguka kwa kicheko. "Baba kachora kiluwiluwi!" Basi kikabaki hicho hicho.

Katika nyungo zote… samahani, mkono umezoea kuteleza. Katika nyunga zote, kama neno hilo lipo, mmoja ulikuwa rafiki yangu: namba arobaini na moja, wa kobalti na kromu. Nikiingia chumbani unajitikisa ndani ya ndoo wenyewe. Nilipougua homa akauchekecha bosi kwa mkono wake, ukagoma. Punje zilishikana mikono juu ya wavu, chekeche ikatetemeka kwa saa tatu nzima, haikushuka hata moja. Nikaletwa kwa teksi na blanketi langu mabegani. Nikainama, nikaunong'oneza, "Shukeni basi, watu wanasubiri meno." Ukashuka shaa! Na siku mkebe uliponiponyoka ngazini, unga ule ulipanda ngazi tatu kunifuata. Bosi alikuwepo. Alikwenda kukaa chini.

Lakini unga nao huchoka. Ukishakula joto na hewa mara nyingi, hautandazi tena vizuri, unajikunja, unashikana. Wanaupima, kipimo kikiukataa, unamwagwa kwenye pipa jekundu karibu na mlango wa nyuma. Mimi nilikuwa naligonga lile pipa mara mbili kwa kidole, kuagana. Likijaa linakuja lori.

Siku yangu ilipofika, walinikatia keki na kunipa saa ya ukutani. Zawadi ya ajabu kwa mtu asiye na pa kuwahi. Mke wangu alikuwa ameshatangulia miaka miwili kabla, kwa hiyo saa ile niliitundika mwenyewe, na hakukuwa na wa kuniambia imekaa upande. Nyumba yangu ikawa na vyumba viwili na sauti moja, na sauti yenyewe ni ya saa.

Binti yangu, mtoto wangu pekee, anakaa mji mwingine. Kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia. Hunipigia simu kila Jumapili saa sita mchana, haikosi. Jumapili ya tatu tangu nistaafu akaanza.

"Baba, njoo ukae kwangu."

"Kwako kufanya nini?"

"Kukaa tu."

Kukaa tu! Nifunge nyumba, nikiache kitanda tulicholalia na mama yake, nikawe mzee wa kwenye kochi anayehamishwa pakitaka kufagiliwa. Nilikuwa nimeshika simu, lakini nilichokiona mbele ya macho yangu ni lile pipa jekundu. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Haiwezekani, mama. Nimeitwa kazini."

"Wewe? Si umestaafu?"

"Unga umenigomea… umewagomea. Arobaini na moja haushuki. Bosi kaja mpaka hapa mlangoni, kofia mkononi. Nakwenda siku tatu kwa wiki."

"Hongera, Baba. Na chakula?"

"Fundi wa leza anakuja kula na mimi kila jioni. Anapika yeye. Mtu mzima, hana mke, hana adabu, lakini mkono wake wa chumvi si mbaya."

Fundi wa leza alikuwa ameshahama tangu mwaka uliotangulia. Lakini ukishaanza kumwaga huchagui wapi paloe.

Basi Jumapili baada ya Jumapili nikajenga. Nikampandisha cheo bosi, nikamshusha. Nikamletea fundi wa leza mchumba, mchumba akamkimbia kwa sababu ya kukoroma. Binti yangu alicheka mpaka simu ikakwaruza. Siku moja katikati ya mchumba akanikatiza, akaniambia kitu kuhusu kazi yake, kwamba amehamia maabara nyingine. Nikasema hongera mwanangu, nikaendelea na mchumba.

Sasa nikuambie siku zenyewe zilivyokuwa. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nilivaa ovaroli, maana uongo nao unataka nidhamu, nikaenda hadi kituo cha basi kilicho mkabala na karakana. Pale pana benchi la chuma. Ukikaa mwisho wa kulia unaliona dirisha la chumba cha unga, na upepo ukiwa mzuri unasikia chekeche: mmmmmm, kama nyuki ndani ya kopo. Nyuma ya kioo alikuwa anapita dada mmoja mwenye miwani mikubwa, ndiye aliyechukua nafasi yangu. Anafanya kazi vizuri. Nilitafuta kasoro wiki nyingi, sikuipata.

Mlinzi wa getini alikuwa ananipigia kelele kutoka ng'ambo.

"Mzee, basi lako limepita tena!"

"Lile lilijaa!"

"Lilikuwa tupu, Mzee!"

"Dereva wake simpendi!"

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya siku. Kuna siku mlinzi hakuwa zamu, na nilirudi nyumbani bila kutamka hata neno. Nikafika, nikaisalimia saa.

Siku zile nyingine nilichekecha mchanga. Ndiyo, mchanga, wa nyuma ya nyumba. Nilichukua kopo, nikachukua chungio la chai la marehemu mke wangu, nikachekecha. Nikaurudisha koponi, nikachekecha tena. Na kwa kuwa kazi bila karatasi si kazi, nikafungua daftari: Mchanga namba moja, mara ya kwanza, kiluwiluwi. Mara ya pili, kiluwiluwi. Kufika mwezi wa tano mchanga ulikuwa laini kiasi kwamba ukiumimina huoni punje, unaona kitu kinachong'aa kinaanguka taratibu. Nilikuwa naumimina dirishani saa nne asubuhi jua likiingia. Ulipendeza, na sikuwa na wa kumwita aje atazame.

Jumapili moja ya mwezi wa sita, binti yangu akaniuliza kwa sauti nyororo, ya mtu anayetega panya.

"Baba, hivi ule unga wako bado unautia saini mwenyewe?"

"Nani mwingine? Kila mstari!"

"Kiluwiluwi kile kile?"

"Kimenenepa kidogo."

"Na ikikutwa karatasi ya mwaka huu yenye saini ya mtu mwingine?"

Mtu mwenye busara angekohoa hapo. Mimi nikajitutumua. "Ikikutwa hata moja, nitafunga mdomo Jumapili nzima. Asubuhi mpaka jua lizame. Mbele yako!"

"Nimeisikia hiyo," akasema, na kukata simu kabla ya wakati wake.

Jumamosi iliyofuata nikiwa nimeinamia chungio, nikasikia gari. Kutazama, ni yeye, amesimama mlangoni na bahasha ya kaki. Nilikuwa na ovaroli, si kitu. Lakini ovaroli lilikuwa safi kama shuka la hospitali, na yeye analijua ovaroli la mtu wa unga, lina vumbi la kijivu mikunjoni hata ulifue mara tisa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Mbona hukusema? Ningemwambia fundi wa leza apike."

Akatazama kichanja cha vyombo. Sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja. Akaketi, akafungua bahasha, akatoa karatasi moja na kuiweka mbele yangu. Nikaitambua kabla haijatulia mezani. Karatasi ya safari.

"Mstari wa mwisho huu. Saini ya nani?"

Mwandiko mzuri, umenyooka, una herufi kabisa. "Ya dada wa miwani. Siku hiyo nilikuwa likizo."

Akatoa nyingine. "Na hii?"

"Mkono uliniuma."

Akazimwaga zote. "Kumi na tisa, Baba?"

"Uliniuma sana."

Hakucheka, na hapo nikajua maji yamenifika shingoni. "Umezitoa wapi?"

"Kazini kwangu. Mwezi wa pili nilikuambia nimehamia maabara inayotengeneza meno yenye viunzi vya chuma. Viunzi tunaletewa kutoka karakana yenu, na karatasi hizi ndani ya boksi. Ukasema hongera, ukarudi kwa mchumba wa fundi wa leza."

Nikanywea. Hata saa ya ukutani nadhani ilikosa mpigo mmoja. Yeye akavuta daftari langu la mchanga lililokuwa mezani, akalifungua. Nilitaka kulinyakua, mkono ukakataa. Akasoma kimya, ukurasa kwa ukurasa, vile viluwiluwi mstari kwa mstari kama bwawa zima. Mara ya mia na kumi na nane ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Akaufunika mdomo wake kwa kiganja.

Kisha akauliza, "Umekuwaje?"

"Nani?"

"Mchanga."

"Laini kama hariri."

"Nionyeshe."

Nikalisogeza kopo dirishani, nikamimina. Akatazama mpaka punje ya mwisho.

"Tangu mwezi wa pili ulijua," nikasema. "Mbona hukunikamata?"

"Ungenyamaza." Alikuwa anazipanga karatasi, hanitazami. "Na mimi Jumapili ningeongea na nani?"

Jioni hiyo hiyo tuliondoka na gari lake, nikiwa na begi la nguo za siku mbili, kwa sababu nilichoahidi ni Jumapili mbele yake, na mimi deni la mdomo silikimbii. Leo kulipokucha nikafunga mdomo. Kwangu hilo si jambo dogo. Watu wamefunga ndoa kwa juhudi ndogo kuliko hiyo.

Anakaa ghorofa ya tatu. Meza yake ya chakula ina kiti kimoja, akaniletea kingine kutoka chumbani, kina nguo juu yake. Nilijua aliachana na mumewe miaka minne iliyopita. Sikujua kwamba tangu hapo anakula amesimama, sahani ikiwa juu ya jokofu. Sikujua kwa sababu hajawahi kupata nafasi ya kuniambia. Jumapili zote kulikuwa na unga unaopanda ngazi. Leo alisema. Alisema asubuhi nzima, mimi natikisa kichwa. Anatengeneza meno ya watu asiowaona kamwe. Kinywa cha mtu kinamfikia kikiwa cha plasta, bila jina, namba tu. Yeye anakaa nacho siku mbili, anakijua kila pengo, kisha kinaondoka. "Wengine nawaongelesha," akasema. "Usicheke." Sikucheka. Nilitaka kumwambia kuhusu kuisalimia saa, ikabidi nimeze.

Baadaye akaniletea kitu kwenye kitambaa. Kiunzi cha meno, kidogo, kinang'aa, chepesi kama mdudu mkavu, kimekosewa kipimo na hakitumiki tena. Akakiweka kiganjani mwangu na karatasi yake kando. Unga namba arobaini na moja! Nikaruka kitini, sauti ikanifika hapa kooni, akaninyooshea kidole. "Jua bado halijazama, Baba."

Nikaisoma. Umechekechwa mara kumi na saba. Sita za chini ni mwandiko wa dada wa miwani. Kumi na moja za juu ni viluwiluwi, wamefuatana, wameinamisha mikia upande mmoja.

"Siku ya kwanza niliyofungua boksi pale kazini," akasema, "nikaviona hivyo. Nilicheka peke yangu, maabara nzima ikanigeukia. Halafu nikaona mwandiko wa mtu mwingine chini yake. Nikaenda kukaa chooni."

Mimi nilikuwa nimekishika kile kiunzi. Miaka kumi na minne nimeshughulika na zile ndoo tisa. Kitu chenyewe sikuwahi kukishika zaidi ya dakika. Na hiki, kila punje yake ilishakaa pembeni mara kumi na moja, ikapita mikononi mwangu, ikangoja.

"Sikuombi uhame," binti yangu akasema. "Pipa lako jekundu lile nalijua, ulinisimulia nikiwa na miaka kumi na sita, sikulala. Kaa kwako, chekecha mchanga wako. Lakini njoo Ijumaa, uondoke Jumatatu. Unataka, hutaki? Usiseme. Tia saini."

Akaniwekea kalamu na kalenda ya ukutani, akaenda jikoni kuosha vikombe. Nikachora kiluwiluwi Ijumaa ijayo. Kikaonekana mpweke, nikamchorea mwenzake Ijumaa inayofuata. Halafu kalamu ikawa bado iko mkononi, na nyuma ya kalenda ni peupe kabisa, ukurasa mkubwa usio na mtu, na mimi tangu alfajiri nimejaa maneno mpaka masikioni. Kwani niliapa kuhusu kalamu? Niliapa kuhusu mdomo. Ndipo nikaanza kuandika haya, tangu pale juu kwenye naapa.

Vikombe vimenyamaza. Amesimama nyuma yangu, nasikia anapumua.

"Baba. Kuandika nako ni kusema."

Nimetikisa kichwa: hapana.

"Ndiyo. Na wewe unaapa ni kweli tupu!" Anasoma juu ya bega langu, mkono wake wenye povu umelowesha shati langu. Anacheka pale kwa bosi na blanketi. Amefika kwenye mkebe ulioniponyoka. Sasa anahesabu kwa vidole.

"Unga umepanda ngazi tatu, Baba? Chuku hiyo unailipia. Ngazi moja, Jumapili moja ya kimya. Zote tatu hapa hapa mezani, na mimi ndiye nitakayesema."

Ningejua ningeandika ngazi kumi na mbili.

Ananyoosha mkono. Nampa kalamu.